Ngozi ya Hasifa Yakataa Plasta

Jumapili, 28 Septemba 1997. Jinja.

Daftari hili kanipa Hasifa. Alikuwa nayo mawili. Moja anaandikia sukari yake, la pili akanirushia na kusema, "Mjomba, hadithi zako andika humu, utupumzishe masikio." Basi naandika. Shule niliacha darasa la nne, lakini Kiswahili nilikipata kambini, kwa baba yangu aliyeshona buti za jeshi tangu enzi ya Mwingereza. Na hati yangu, afande mmoja alisema inafaa kuandikiwa noti za benki.

Mimi ni Jafar, fundi viatu, njia ya kambi ya Kimaka. Tangu mwaka sabini na tisa hakuna askari aliyepiga gwaride Jinja ambaye soli yake haikupita mikononi mwangu. Jenerali mmoja, simtaji, alikataa kwenda mkutanoni mpaka Jafar aguse kisigino chake.

Lakini leo sijisifu mimi. Namsifu Hasifa, mtoto wa dada yangu Ramula wa Mbale. Ana kisukari tangu miaka tisa. Alipelekwa Uholanzi kusoma miaka miwili, akarudi mwezi wa tatu na mashine kiunoni. Ni ndogo kama pakiti ya sigara. Ndani yake unatoka mrija mwembamba kama uzi wa buti, mwisho wa mrija kuna kisindano kinachoingia tumboni, na juu ya kisindano inabandikwa plasta ili kisichomoke. Dawa ya insulini inaingia kidogo kidogo usiku na mchana. Mashariki yote ya Uganda mashine kama hii iko moja tu, na iko katika ukoo wetu.

Hasifa ana mimba, mwezi wa sita. Mbili za kwanza zilitoka, sababu sukari ilikuwa ikipanda na kushuka. Dokta Gidudu wa Mbale amesema sukari ikikaa sawa mpaka mwezi wa kwanza, mtoto atatoka mzima. Mungu namwomba, na mashine naiamini.

Alhamisi, 2 Oktoba.

Mvua. Afande Aloysius kaleta buti, kakaa kibandani kusubiri inyeshe iishe. Nikampa habari za mashine.

"Inaongea?" akauliza.

"Lugha tatu, afande. Kiholanzi, Kiingereza, na sasa naifundisha Kinubi chetu."

Kweli yenyewe inalia pi-pi-pi tu dawa ikikaribia kuisha. Lakini askari anapenda habari iliyoshiba.

Jumatatu, 6 Oktoba.

Mvua.

Jumatano, 8 Oktoba.

Shafik, mume wa Hasifa, anaendesha lori la kahawa. Leo kapita akasimama kibandani. "Mjomba, mwenzangu anawashwa pale penye plasta. Hasinzii."

"Miezi sita imekaa kimya, leo iwashe? Ni joto hilo. Mwambie ngozi yetu si ya kizungu, ni ya kambini."

Akacheka kidogo, si sana.

Jumamosi, 11 Oktoba. Mbale.

Nimekuja kuona mwenyewe. Hasifa kafunua ubavu wa tumbo. Kuna mraba mwekundu sawasawa na plasta, kana kwamba mtu kapima kwa rula, na ndani yake malengelenge madogo yanatoa maji. Pembeni kuna mraba wa juzi, na mwingine wa wiki iliyopita. Kila anapohamisha sindano, alama inabaki.

Dada Ramula kaketi mlangoni anachambua malewa, machipukizi ya mianzi, hanitazami. "Ni kijicho. Wewe Jafar umeitangaza hii mashine mpaka Masese. Wavuvi wanajua tumbo la mwanangu kuliko mkunga."

"Mama," Hasifa akasema, "kijicho gani chenye kona nne?"

Nikaona nimpe moyo. Nikamwonyesha mikono yangu, jinsi ngozi ilivyopasuka na kubanduka katikati ya vidole. "Unaona? Hii ilichunwa na kamba siku nilipovuta mbuta Masese, samaki mzito kuliko fahali. Nililia mimi?"

"Mjomba, nilipoondoka kwenda Ulaya alikuwa mamba."

"Mamba alikuwa mwaka mwingine."

Kacheka mpaka kashika tumbo. Nimerudi Jinja na furaha. Mtu anayecheka hivyo haumwi sana.

Jumanne, 14 Oktoba.

Mvua. Kibanda kinavuja juu ya buti za watu.

Jumapili, 19 Oktoba.

Shafik tena. Anasema plasta sasa haishiki. Maji ya malengelenge na jasho vinaibandua. Ijumaa Hasifa alikuwa ofisini kwake, sehemu ya viwanda, anaandika stakabadhi za kahawa, akasikia kiu ya ajabu. Kujitazama, plasta imening'inia na sindano iko nje, dawa inamwagikia gauni. Sukari ilikuwa imepanda vibaya.

"Plasta haishiki?" nikamwambia. "Na mimi ni nani? Niambie nani Jinja yote anajua kushikisha kitu kuliko mimi."

Jumamosi, 25 Oktoba. Mbale.

Nimekuja na kopo la gundi yangu ya njano. Hii gundi nimebandikia soli iliyotembea kutoka hapa mpaka Sudan ikarudi.

"Mjomba, hiyo ni ya viatu," Hasifa akasema.

"Na viatu vinakanyaga misumari havilalamiki."

Aliangalia mashine, akaangalia tumbo lake. Alikuwa amechoka, niliona. Akasema, "Haya. Ukingoni tu."

Nikapaka ukingoni tu, si karibu na sindano, mimi si mjinga. Nikaacha ikauke kidogo kama inavyotakiwa, nikabana kwa kidole gumba nikihesabu mpaka sitini. Imeshika! Ramula mwenyewe kaivuta kidogo, haikutoka. Nimekula wali na mbuzi. Njiani kurudi nimeimba.

Jumapili, 26 Oktoba.

Nimemweleza Afande Aloysius. Kasema jeshi lingenipa cheo. Nimemwambia vyeo nilikataa.

Jumatano, 29 Oktoba. Mbale.

Shafik kafika kibandani saa nne asubuhi, hakuzima injini. "Mjomba, panda."

Barabara ya Tirinyi maji yamepanda mpaka kwenye lami, mpunga umezama, lori linakwenda kama mtu anayetafuta sindano gizani. Nilipomuuliza, alisema, "Utaona."

Nimeona. Hasifa yuko wodini. Chini ya plasta ngozi ilivimba mpaka ikapindisha sindano, dawa ikawa inamwagika humo humo ndani ya plasta. Mashine haikulia, kwa sababu yenyewe iliona inatoa dawa kama kawaida. Na plasta haikubanduka. Gundi yangu ilishika vizuri mno. Walipoitoa hospitali ilitoka na ngozi, mahali pana kama kiganja. Sukari ilikuwa juu kabisa, anatapika, midomo imekauka kama karatasi. Mkunga aliweka kipimo chake tumboni, akahamisha, akahamisha tena. Halafu akasema, "Yupo. Moyo unapiga."

Dokta Gidudu si mtu mkubwa kwa umbo, lakini alipogeuka nilimwona mrefu. "Nani kaweka gundi ya viatu juu ya mama mjamzito?"

Ramula akanitazama. Shafik akatazama dirisha.

Hasifa, na midomo ile ile, akasema, "Mimi, daktari. Nilimwibia mjomba kopo."

Na mimi nikanyamaza.

Naandika tena ili nisije kusahau na kusimulia vingine. Nikanyamaza.

Alhamisi, 30 Oktoba. Mbale.

Nimekaa nje ya chumba cha Dokta Gidudu tangu asubuhi. Mvua inapiga bati. Wagonjwa wote wamepita, nikaingia mwisho.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea. Nikasema, "Daktari, ile gundi nilipaka mimi. Mtoto ananikinga."

"Nilijua, muzee," akasema. "Ana alama ya kidole gumba tumboni. Chake ni kidogo."

Hakunigombeza. Hilo lilikuwa baya zaidi. Akaandika kitu, halafu akasimamisha kalamu. "Hebu nipe mikono."

Nikaificha. Akaivuta. Akaigeuza, akatazama kati ya vidole, akatazama kidole gumba na cha shahada ambavyo havina tena mistari. "Hii nini?"

"Ni mbuta, daktari. Kule Masese, nilivuta..."

"Mbuta gani?"

Nimewadanganya makanali. Nimemdanganya shehe. Lakini yule mtu alikuwa ameshika mikono yangu kwa upole, na ghorofa ya juu yuko Hasifa aliyesema uongo kwa ajili yangu bila kupata faida. Nikamwambia.

Baba alishona kwa uzi na nta. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya karani. Mimi nilipoanza kazi, mwaka sabini na tisa, nilitaka haraka, nikachukua gundi ya njano. Miaka mitatu ilikaa sawa. Halafu siku moja mikono ikaanza kuwasha, ikatoa malengelenge, ikapasuka. Nikiacha kazi wiki mbili, inapona. Nikirudi, inarudi. Nimeificha miaka yote hiyo, maana fundi viatu aliyeshindwa na gundi, nani atamletea buti? Ndiyo sababu ya mbuta. Ndiyo sababu ya mamba.

Dokta Gidudu akavuta kiti karibu. "Muzee Jafar, unajua umeniambia nini? Gundi nyingi zinapikwa kwa utomvu wa aina moja. Ya viatu, hata ya plasta. Mwili unaweza kuvumilia miezi, miaka, siku moja ukakataa. Ukishakataa, haukubali tena. Hali hiyo inaitwa mzio. Wewe unakataa gundi ya viatu, Hasifa anakataa plasta, na gundi yako imemchoma kwa siku nne tu, haraka kuliko mtu wa kawaida. Huenda ni kitu kimoja mnachokataa."

"Ni damu yetu?"

"Mzio haurithiwi kama pua. Lakini mgongo wako unaweza kunisaidia."

Jumamosi, 1 Novemba. Mbale.

Sasa mgongo wangu ni maabara. Daktari kakusanya plasta za kila namna, za wodini, za madukani, moja hata kaiomba kwa daktari wa ng'ombe. Kabandika vipande tisa mgongoni, kila kimoja na namba. Siku mbili nisioge mgongo wala nisijikune. Hakuna mtu Uganda aliyewahi kubandikwa hivi. Hilo si hadithi, muulizeni.

Hasifa hatavaa mashine mpaka kidonda kipone. Karudi kwenye sindano za mkono, mara nne kwa siku, na kujitoboa kidole mara saba kupima.

Jumapili, 2 Novemba.

Inawasha. Sikujikuna. Ramula kanifunga mikono kwa leso nikicheka, lakini kafunga kweli.

Jumatatu, 3 Novemba. Mbale.

Daktari kabandua. Namba moja mpaka saba: nyekundu, kona nne kila moja. Namba nane na namba tisa: hakuna kitu. Baadaye akajaribu hizo mbili kwa Hasifa, vipande vidogo, upande wa bega.

"Mgongo wako kama bendera, mjomba," Hasifa alisema.

Nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba mtu msamaha kwa Kiswahili, sikujua naanzia wapi. Nikasema, "Lile kopo."

Akasema, "Kopo gani? Nilikwibia."

Alhamisi, 6 Novemba. Mbale.

Kwa Hasifa namba nane imewasha. Namba tisa ni safi. Ni plasta nyeupe ya karatasi, nyepesi, wanayotumia kwa watoto wachanga. Gundi yake ni ya aina nyingine. Daktari kanishika mkono mbele ya manesi.

Lakini haina nguvu. Hasifa akiinama tu, inaachia. Mrija ukivutwa na mashine, ndio kabisa.

Jumapili, 9 Novemba. Mbale.

Nimekaa naye siku hizi zote, na kitu kimoja sikukijua. Nilidhani mashine ndiyo inafanya kazi. Sasa mashine iko juu ya kabati imelala, na sukari imekaa sawa. Ni yeye. Anapima, anaandika, anahesabu ndizi na mchele, anajidunga, anaamka kupima tena. Tangu ana miaka tisa anafanya hivi, na mimi nilikuwa nasifu pakiti ya sigara.

"Basi tuache mashine," nikamwambia.

"Mjomba, naweza sindano. Lakini hadi mwezi wa kwanza, kila saa, bila kukosea hata mara moja? Nimeshakosea mara mbili." Hakusema zaidi. Mara mbili zile tunazijua. "Nitafutie namna isichomoke."

Jumatano, 12 Novemba. Jinja.

Nimerudi. Nimefunga kibanda. Askari wananung'unika, mmoja kaenda gwaride na ndara.

Kazi yangu ni mkanda. Mkanda ubebe mashine na kukandamiza mrija, ili ile plasta dhaifu isivutwe na kitu chochote. Nilitaka ngozi laini ya mbuzi. Daktari kakataa: dawa za kutengenezea ngozi zinaweza kuwasha nazo. "Pamba tu, muzee. Na gundi, hata tone moja hapana."

Mimi, Jafar, nishone amerikani, kitambaa cha pamba, kama fundi cherehani wa sokoni! Nimeshona. Uzi wa pamba na nta ya nyuki, kwa mkono, kama baba.

Jumamosi, 15 Novemba. Mbale.

Mkanda wa kwanza umeshuka mpaka mapajani alipotembea hatua kumi. Tumbo linakua, halingojei fundi. Hasifa kaniambia, "Mjomba, umenishonea sketi."

Jumatano, 19 Novemba. Jinja.

Nimeufumua wote. Sasa una kamba nyuma za kulegeza kama za buti, matundu kumi na mawili. Mbele kuna kidirisha cha kuchungulia plasta bila kuvua. Wazo la dirisha ni langu. La kamba ni langu pia.

Jumamosi, 22 Novemba. Mbale.

Kidonda kimefunga. Kavaa mashine na mkanda. Kainama, kaketi, kapanda ngazi za hospitali, kacheza kidogo, Ramula akimkemea. Plasta haikusogea. Baada ya siku tatu ndipo tutajua ngozi inasemaje.

Jumanne, 25 Novemba.

Shafik kapiga honi kutoka mbali, kabla hajafika Kimaka. Nikajua ngozi imekubali.

Jumamosi, 6 Desemba.

Mvua haijui kuacha. Wanasema milimani Bugisu udongo umeshuka na nyumba za watu. Hasifa salama. Nimeongeza tundu moja.

Jumapili, 14 Desemba.

Afande Aloysius kauliza mikono yangu ina nini, mbona inapona. Nikafungua mdomo, mbuta akaja mpaka kwenye ulimi. Nikasema, "Gundi, afande. Ilikuwa inanila. Sasa nashona kwa uzi."

Kavua buti ya pili ambayo haikuwa imeharibika. "Basi hii nayo ishone."

Jumatano, 24 Desemba.

Maji Tirinyi. Lori halipiti. Shafik kaniletea salamu kwa simu ya duka: plasta ya karatasi wodini imekwisha, Hasifa amebakiza ya siku sita.

Ijumaa, 26 Desemba. Mbale.

Nimepata mizunguko minne kwa nesi mmoja wa Jinja ambaye viatu vyake vyeupe navijua. Nimefika kwa basi mpaka penye maji, halafu kwa miguu, plasta nimeifunga kichwani ndani ya nailoni. Maji yalifika magotini. Ningesema kifuani, lakini yalifika magotini.

Jumatano, 31 Desemba.

Ramadhani imeingia. Hasifa hafungi, daktari kakataa. Mwenyewe kasema amefunga vitu vingi mwaka huu, Mungu anajua.

Ijumaa, 9 Januari 1998. Mbale.

Dokta Gidudu alisema Hasifa asingoje zaidi. Walimwingiza asubuhi. Nilikuwa barazani na Ramula na Shafik. Ramula alinishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, akaukuta laini, akaugeuza kuutazama.

Saa saba mchana, watu wakitoka msikitini, tulisikia mtoto. Hakulia, alifoka. Msichana, kilo tatu na nusu. Hasifa mzima. Sukari sawa. Tumbo, pale penye plasta, safi.

Shafik alikaa chini sakafuni. Ramula alipiga vigelegele mpaka nesi akaja kumnyamazisha.

Huyo nesi alikuwa na mtoto mkononi na mkasi. Hapa mtoto akizaliwa wanaandika jina la mama kwenye kipande cha plasta ya wodini, wanakizungusha kifundo cha mkono asipotee. Nikaiona plasta. Namba tatu. Naijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Sista, hapana."

"Muzee, ni jina tu."

"Sista, mimi nimevaa hiyo siku mbili. Subiri kidogo."

Daktari alikuwa mlangoni. Alisema mtoto si lazima awe kama mama yake. Lakini hakumwambia nesi aendelee.

Nilikuwa na amerikani mfukoni, na sindano na uzi havinitoki. Nikakata ukanda mwembamba, nikashona herufi sita kwa uzi mweusi: HASIFA. Nikaukunja pindo usikwaruze, nikaufunga kwa vifundo viwili vya fundi, vya kulegeza. Mishono kumi kwa kila inchi. Nesi aliushika, akausoma, akaenda kuwaonyesha wenzake na mtoto wetu kifuani. Kitanda cha pili mama mmoja akauliza, "Muzee, na wangu?" Kabla ya jua kuzama nilishona saba, na funga yangu mdomoni.

Hasifa alipoamka vizuri akaomba mtoto. Kabla sijampa, nilikilegeza kile kitambaa, nikamsogezea mkono wa mtoto dirishani, penye mwanga, tuangalie wote wawili chini yake.

Ngozi haina kitu. Laini, nyeusi, yote yake.